Kuchagua ramani ya nyumba: anza na kiwanja, picha iwe ya mwisho

Ramani ya kwanza niliyoichagua niliipendea picha. Nyumba nyeupe, vioo virefu, paa la madaha, na mbele yake bustani ambayo wala haikuwa sehemu ya ramani. Nilimpelekea fundi mmoja mzoefu. Hakuitazama picha hata kidogo. Alifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye sebule, akaniuliza, "Mgeni akiketi hapa, anaona nini?" Nikakifuata kidole chake. Mgeni alikuwa anatazamana na mlango wa choo.

Tangu siku hiyo picha huwa naiangalia mwisho. Utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1. Kijue kiwanja kabla hujaitafuta nyumba

Nyumba itakaa juu ya ardhi yenye mipaka, mteremko, udongo wa aina yake na majirani. Kwa hiyo kabla hujafungua ramani hata moja, kusanya haya: urefu wa kila upande wa kiwanja kama unavyosomeka kwenye hati na kama unavyopimika kati ya bikoni (alama za mipaka), kaskazini iko wapi, ardhi inashukia upande gani, barabara inaingilia wapi, na masharti ya ujenzi ya eneo hilo yanasemaje.

Masharti ndiyo yanayowashtua wengi. Karibu kila mahali kuna umbali wa lazima kati ya ukuta wa nyumba na mpaka, na mara nyingi kuna kikomo cha urefu wa jengo na cha sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30. Tuseme unatakiwa kuacha mita 5 mbele na mita 3 kwa kila upande mwingine. Unabakiwa na mita 14 kwa 22, na bado hujajua gari litageukia wapi, tangi la maji litasimama wapi, wala shimo la majitaka litachimbwa upande gani. Vipimo hivyo ni vya mfano tu. Vya kwako viulize kwa mamlaka inayotoa kibali cha ujenzi, na uviulize kabla ya kulipia ramani.

Mteremko nao una hesabu yake. Ardhi ikishuka mita 2 ndani ya mita 20, nyumba yenye kina cha mita 12 itakuwa na tofauti ya mita 1.2 kati ya msingi wa mbele na wa nyuma. Hicho ni kimo cha kifua cha mtu wa kawaida. Ramani nyingi za kununua huchorwa kana kwamba dunia ni meza. Ukiileta ramani ya namna hiyo kwenye mteremko, utajaza kifusi, au utachimba na kujenga ukuta wa kuzuia udongo, na gharama hiyo hukuiona kwenye karatasi. Kwenye kiwanja kama hicho tafuta ramani ambayo sakafu yake inashuka kwa vidato kufuata ardhi, au yenye chumba cha chini upande wa bondeni.

Kuhusu udongo, usikisie. Mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka hupasua kuta za nyumba nzuri kabisa, na aina ya msingi huamuliwa na mhandisi baada ya kuchimba mashimo ya majaribio. Lakini kuna uchunguzi mmoja ambao hauhitaji mhandisi: nenda kiwanjani siku ya mvua kubwa, ukaone maji yanapita wapi.

Hatua ya 2. Andika siku yenu inavyokwenda

Ukimwambia msanifu "nataka vyumba vinne", hujamwambia chochote. Mwambie nani anaamka wa kwanza na kelele zake zinamsumbua nani. Nani anafanyia kazi nyumbani, na je, anahitaji mlango wa kufunga? Nguo zinafuliwa wapi na zinaanikwa wapi? Viatu, ngazi, mifagio na masanduku vinakaa wapi? Mgeni wa mchana anatumia choo kipi bila kupita kwenye vyumba vya kulala?

Waambie wote mtakaoishi humo waandike orodha zao, kila mtu kivyake, kisha mzilinganishe. Hapo ndipo ubishi unapozuka, na afadhali uzuke kwenye karatasi. Kila hitaji lipeni daraja: la lazima, la kupendeza, na la ndoto. Ya lazima yasizidi kumi. Mkishindwa kuyapunguza hadi kumi, basi bado hamjakubaliana.

Fikirini na miaka inayokuja. Mtoto wa leo atataka faragha kesho, na magoti yanayopanda ngazi leo yatachoka. Hata kama nyumba ni ya ghorofa, weka chini chumba kimoja cha kulala na bafu lake. Mlango wake uwe na uwazi wa angalau sentimita 80, na ndani kuwe na nafasi ya duara lenye kipenyo cha mita 1.5, maana hiyo ndiyo nafasi ambayo kiti cha magurudumu huhitaji ili kigeuke. Ukiliweka hilo sasa ni mstari tu kwenye karatasi. Baadaye ni nyundo na vumbi.

Hatua ya 3. Pima nyumba unayoishi

Mita za mraba hazina maana mpaka uwe na cha kulinganishia. Chukua futi kamba, upime vyumba unavyovitumia leo. Andika kipi kinakubana na kipi kinakutosha. Pima na samani utakazohama nazo.

Kisha fanya hesabu kama hii. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3 kinasikika vizuri. Weka ndani yake kitanda cha mita 1.5 kwa 2, kichwa kikiwa ukutani, katikati. Kila ubavu unabaki na sentimita 75, safi kabisa. Miguuni inabaki mita 1. Sasa leta kabati la nguo lenye kina cha sentimita 60 ukaliweke miguuni: umebakiwa na sentimita 40 za kupita, na milango ya kabati haifunguki sawasawa. Chumba kilichokufaa kwenye karatasi kimekataa kabati. Kingekuwa na kishubaka cha kabati ukutani, au sentimita 50 zaidi upande mmoja, kisa kingekuwa kingine.

Jiko lenye meza za kazi pande mbili zinazotazamana linahitaji sentimita 60 kwa kila meza na mita 1.2 katikati ili watu wawili wapishane, yaani mita 2.4 kutoka ukuta hadi ukuta. Meza ya chakula yenye upana wa sentimita 90 inataka karibu sentimita 90 nyingine kila upande, ili mtu avute kiti na mwingine apite nyuma yake. Hiyo ni mita 2.7. Ukiona ramani imechora meza ya watu wanane ndani ya mita 2.2, ujue aliyeichora alipunguza meza ili nafasi ipendeze. Mchezo huo ni wa kawaida sana. Vitanda vya kwenye ramani za kuuzwa mara nyingi ni vya watoto.

Hatua ya 4. Litazame umbo, maana pesa hujificha humo

Nyumba mbili zenye eneo moja zinaweza kutofautiana sana kwa gharama, na sababu kubwa ni umbo. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina eneo la mita za mraba 100 na mzingo wa mita 40. Nyumba ya mita 5 kwa 20 nayo ina mita za mraba 100, lakini mzingo wake ni mita 50. Kuta za nje zikiwa na kimo cha mita 3, ya kwanza ina mita za mraba 120 za ukuta, ya pili 150. Ongeza msingi wa ziada, lipu ya ziada na rangi ya ziada, miaka nenda miaka rudi.

Pembe ni mtego zaidi. Ichukue ile ya 10 kwa 10, ukate kona moja ya mita 4 kwa 4 ili nyumba ipate umbo la kupendeza. Mzingo haukupungua, bado ni mita 40. Eneo limeshuka hadi mita za mraba 84. Umelipia kuta za nyumba kubwa, ukapata ndogo. Sisemi usikate kona. Kona iliyokatwa inaweza kukupa baraza yenye kivuli au dirisha la pili la chumba, na hapo imelipa. Kona iliyokatwa ili picha ipendeze haijalipa kitu.

Paa huchukua hasara hiyo na kuizidisha. Kila mahali miteremko miwili ya paa inapokutana kwa ndani na kufanya mfereji, maji hukusanyika hapo, majani huziba hapo, na uvujaji huanzia hapo. Ihesabu mifereji hiyo kwenye mchoro wa paa. Paa la mgongo mmoja halina hata mmoja. Nyumba yenye umbo la L ina mmoja. Ukihesabu sita kwenye nyumba ya vyumba vitatu, jiulize kama unajenga nyumba au taji.

Kisha hesabu korido. Korido ya mita 1.2 kwa urefu wa mita 8 ni mita za mraba 9.6, chumba kizima cha kulala ambacho hakuna anayelala. Ngazi vilevile. Kama kimo kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, vidato 18 vya karibu sentimita 16.7 kila kimoja, vyenye mahali pa kukanyaga pa sentimita 28, vikikunjwa mara moja katikati vinakula karibu mita za mraba 7 kwenye kila ghorofa. Ghorofa huokoa ardhi na msingi na paa, ndiyo, lakini mita hizo za mraba 14, saba chini na saba juu, zitoe kabla ya kulinganisha. Ramani ikichora ngazi fupi kuliko hiyo, ngazi yenyewe itakuwa ya kupanda kwa mikono.

Hatua ya 5. Ingia ndani ya ramani, utembee

Hii ndiyo hatua ninayowasihi watu wasiiruke. Chapisha ramani kwenye karatasi kubwa. Kwa skeli ya 1:100 kila sentimita ni mita moja. Kwa 1:50 kila sentimita mbili ni mita moja. Lakini ukichapisha kutoka kwenye simu, skeli huharibika, kwa hiyo amini tarakimu zilizoandikwa na usiamini rula. Uliza pia kama vipimo vya vyumba vimechukuliwa ndani ya kuta au katikati ya kuta. Tofauti si ndogo: nyumba ya nje 10 kwa 10 yenye kuta za sentimita 20 ina, ndani ya kuta za nje peke yake, mita za mraba 92 na kidogo.

Sasa chukua kalamu, uitembeze. Umerudi na mizigo, mvua inanyesha: unashuka wapi kwenye gari, unapita wapi, hadi unaitua jikoni? Ni saa nane za usiku, mtoto analia: hatua ngapi, milango mingapi, swichi ya taa iko upande gani wa mlango? Mgeni amebisha hodi nawe hujavaa vizuri: unaweza kutoka bafuni hadi chumbani bila kuonekana? Takataka zinatokaje jikoni? Chora kila safari kwa rangi yake. Mistari ikipita katikati ya sebule kila mara, sebule hiyo ni njia panda, na viti vyako vitakaa pembeni kama vya kituo cha basi.

Fungua kila mlango kwenye karatasi. Je, unagonga mlango mwingine? Unaziba swichi? Unafungukia kwenye kitanda? Kisha keti kwenye kila kiti na utazame mbele, kama yule fundi alivyonifundisha. Ukutani, je, kuna sehemu ndefu isiyo na mlango wala dirisha ambapo samani zitaegemea? Sebule yenye milango minne haina ukuta.

Ukimaliza karatasi, nenda mahali pa wazi, uchore vyumba viwili vitatu muhimu chini kwa chaki au kamba, kwa ukubwa wao halisi. Weka kiti. Lala palipo kitanda. Watu watakucheka, waache wacheke.

Hatua ya 6. Igeuze ifuate jua na upepo

Ramani nzuri ikielekezwa vibaya ni tanuri. Karibu na Ikweta, jua la mchana huwa karibu na utosi, na paa ndilo linalobeba joto hilo. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi na jioni, ambalo ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uweke stoo, bafu, ngazi au gereji, vitu visivyojali joto la jioni. Kwenye nchi za baridi zilizo mbali kaskazini, sebule huelekezwa kusini ili ipate jua la majira ya baridi. Zilizo mbali kusini mwa Ikweta hufanya kinyume chake.

Upepo huhitaji pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye dirisha kwenye ukuta mmoja tu hakipumui vizuri, hata dirisha liwe kubwa namna gani. Vyumba vya pembeni vinaweza kupata madirisha kuta mbili. Vya katikati vihitaji nafasi ya hewa juu ya mlango. Na kama upande wa ramani ndio unaokosea, msanifu anaweza kuigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, kulia ikawa kushoto. Kazi hiyo ni ndogo, lakini ifanyike kwenye michoro yote. Usimwachie fundi aigeuze kichwani.

Hatua ya 7. Fuata maji

Choo, bafu na jiko vikikaa karibu, mabomba huwa mafupi. Vikitawanyika kona tatu, unalipia mabomba na chemba (visanduku vya ardhini ambamo mabomba ya majitaka hukutana) za kuvifuata. Bomba la majitaka lazima lishuke: kwa mteremko wa 1 kwa 40, choo kilicho mita 12 kutoka kwenye chemba kinahitaji bomba lishuke sentimita 30. Kama ardhi inapanda kuelekea upande uliochorwa shimo, kuna tatizo ambalo rangi haitalificha. Choo cha ghorofani kikae juu ya choo cha chini, kisikae juu ya meza ya chakula. Kama una kisima, kiwe upande wa juu wa mteremko na mbali na shimo. Umbali unaotajwa sana ni mita 30.

Hatua ya 8. Ya kununua, au ya kuchorewa?

Ramani ya kununua ni rahisi na ya haraka, na kama kiwanja ni tambarare, cha mstatili, na maisha yenu ni ya kawaida, haina ubaya. Kiwanja kikiwa na mteremko mkali, umbo la ajabu, au familia ikiwa na mahitaji yasiyo ya kawaida, chorewa. Njia ya katikati ni kununua iliyokaribia, kisha msanifu aifanyie marekebisho, ila uliza kwanza kama muuzaji anakupa ruhusa ya kuibadili, na kama unapata faili zenyewe au picha tu.

Marekebisho yana kikomo. Kusogeza dirisha au kuziba mlango ni jambo jepesi. Kupanua sebule kutoka mita 4 hadi 6 ni habari nyingine: boriti inabadilika, nguzo huenda zikaongezeka, paa lote linachorwa upya. Mimi kipimo changu ni hiki: nikijikuta nimegusa zaidi ya kuta tatu, naiacha ramani hiyo.

Kabla ya kulipa, hakikisha unajua unapewa nini. Seti kamili ina mchoro wa kiwanja unaoonyesha nyumba imekaa wapi, ramani ya sakafu kwa kila ghorofa, sura za nje pande nne, mikato angalau miwili, yaani michoro ya nyumba kana kwamba imekatwa kutoka juu hadi chini (mmoja upite kwenye ngazi kama zipo), mchoro wa paa, wa msingi, jedwali la milango na madirisha, umeme, maji safi na majitaka, na michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo na zege. Wauzaji wengine hutoa ramani ya sakafu na picha ya rangi, basi. Hiyo haitoshi kuombea kibali wala kujengea.

Kisha mpelekee mkadiriaji majenzi. Mtu hujikuna ajipatapo, na makadirio ya vifaa na ufundi ndiyo yatakayokuonyesha mkono wako unafika wapi. Usitumie bei ya jirani kwa mita ya mraba; umeshaona umbo linavyoigeuza. Kama makadirio yamezidi uwezo, punguza eneo au rahisisha paa. Usianze kwa kupunguza nondo. Na kama utajenga kwa awamu, ramani ionyeshe tangu sasa awamu ya pili itaungia wapi: ukuta upi utatobolewa, paa litaendelea upande gani, bomba litaishia wapi likisubiri.

Sasa, picha. Itazame. Kama huipendi sura ya nje baada ya yote hayo, badilisha rangi, aina ya madirisha, malighafi ya ukuta wa mbele. Hayo hubadilika bila kugusa mgongo wa nyumba.

Mkishakubaliana, tieni sahihi kila ukurasa, na nakala moja ya karatasi ikae kiwanjani. Siku ya kupiga vigingi uwepo mwenyewe na futi kamba. Pima umbali wa kila ukuta hadi mpakani, kisha pima ulalo kutoka kona hadi kona ya mkabala, wa upande huu na wa upande ule. Nyumba ya mita 9 kwa 12 ina ulalo wa mita 15. Ukipata 15 upande huu na 15.1 upande ule, vigingi ving'olewe vipigwe upya. Zikilingana, chepe ziingie.